Namna ya kuandika habari za babu aliyekuwa askari wa vita kwa miezi michache

Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) kwa muda usiofika mwaka. Aliandikishwa Februari 1945, akaachiwa kabla mwaka haujaisha, akarudi Ugogo kuchunga ng'ombe na kulima uwele mpaka alipofariki. Hakupigana popote. Kwa sababu hiyo hakuna aliyeona haja ya kuandika habari zake, na alipoondoka vilibaki cheti kimoja, medali moja na maneno ya watu. Kwa vitu hivyo vitatu nimemwandikia kurasa zake. Hapa naeleza njia niliyoipita, ili nawe uwaandikie wajukuu habari za babu yako, au za bibi aliyebaki na mtoto mgongoni mumewe alipopandishwa lori.

Nazungumza hasa na Watanzania, na hasa kuhusu Vita vya Pili, kwa kuwa ndivyo ninavyovijua. Tanganyika ilitoa askari wapatao 87,000 katika vita vile. Wengi wao hawakuacha hadithi za mizinga. Walifundishwa, wakalinda ghala, wakachimba barabara, wakaugua, wakaachiwa. Nao wana ukoo unaowakumbuka.

Anzia kwenye ukoo, jeshi litafuata

Mtu akitaka kujua habari za askari hukimbilia kuuliza alikuwa kikosi gani. Kwa aliyekaa jeshini muda mfupi, swali hilo kwanza halina majibu mengi. Anza na maswali ya nyumbani: alizaliwa na nani, wapi, katika nyumba ya mke wa ngapi, na nani alimlea. Majibu hayo ndiyo yatakayokufungulia karatasi za jeshi, kwa sababu karani aliyemwandikisha hakuwa na kitu kingine cha kuandika ila jina, jina la baba, kabila, mtemi na wilaya.

Andika majina yote aliyowahi kuitwa: jina la utotoni, jina alilopewa alipobatizwa au kusilimu, jina la baba, jina la babu yake, na jina la utani ambalo kijiji kizima kilimwitia. Kisha kaa na mtu anayejua lugha ya nyumbani, mtafakari karani asiyeijua angeyaandikaje. Majina ya Kigogo yana Mh- na Nh- ambazo sikio la mgeni halizishiki, kwa hiyo jina linaloanza na Nh- nyumbani unaweza kulikuta jeshini likianza na N- au hata T-. Tengeneza orodha ya tahajia zote zinazowezekana uiweke mbele ya daftari lako. Utaihitaji kila mahali.

Mahali pa kuzaliwa napo pana mtego. Kijiji wanachoishi ndugu zako leo huenda sicho alikotoka babu. Operesheni za kuhamishia watu vijijini za miaka ya 1970 ziliwahamisha watu kwa maelfu, Dodoma ikiwa kati ya mikoa ya mwanzo. Uliza jina la pale walipokuwa zamani, jina la mlima au korongo la karibu, na kwamba palikuwa chini ya mtemi gani na jumbe gani. Karatasi za wakati wa Mwingereza zimepangwa kwa utemi na wilaya, kwa hiyo ukiwa na jina la kijiji cha leo peke yake utatafuta mpaka uchoke.

Umri wake utaupata kwa njaa na vita. Kwetu kipimo kikubwa ni Mtunya, ile njaa iliyokuja mwishoni mwa Vita vya Kwanza, baada ya Wajerumani na kisha Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakataa. Shangazi yangu mkubwa husema babu "alikuwa ananyonya wakati wa Mtunya". Sentensi hiyo moja inamweka kuzaliwa kati ya 1916 na 1919 hivi, na inamfanya kuwa na miaka ishirini na kitu alipoandikishwa. Kusini watakuambia Majimaji, 1905 hadi 1907. Kila eneo lina alama zake: nzige, homa kuu ya 1918, mtemi fulani kutawazwa. Andika alama kama ilivyosemwa, halafu pembeni uandike miaka unayokadiria.

Kwa nini yeye, si kaka yake?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalounganisha ukoo na jeshi. Mwanzoni mwa vita watu walijiunga kwa hiari, wengine wakitafuta mshahara, wengine wakipenda sare. Lakini tangu 1940 serikali ya Tanganyika ilikuwa na sheria ya kulazimisha watu kutumika. Bwana Shauri, yaani ofisa Mwingereza wa wilaya, aliwaambia watemi idadi inayotakiwa, watemi wakawaambia majumbe, na jumbe ndiye aliyejua aende kwenye kaya ipi. Katika kazi kama hiyo mwenye mjomba barazani hakuguswa upesi.

Babu yangu alikuwa mtoto wa mke mdogo. Baba yake alikufa yeye angali mchunga mbuzi, akalelewa kwa wajomba, mbali na ukoo wa baba. Kaka zake wa mama mkubwa walikuwa na ng'ombe na maneno ya kusemewa. Shangazi hakusema "walimtoa yeye kwa sababu hakuwa na mtu", lakini ukichora ukoo wenyewe kwenye karatasi unaliona jambo hilo. Ndiyo maana nasisitiza uchore. Weka wake wote wa baba yake babu, watoto wa kila nyumba, na kando ya kila kijana wa rika lile andika alikuwa wapi kati ya 1939 na 1945. Aliyechukuliwa na aliyebaki wakae kwenye ukurasa mmoja.

Uliza kwa upole. Huenda ukamkuta mzee ambaye baba yake ndiye aliyekuwa jumbe. Mimi huanza na habari za mvua na mifugo, nikafika kwenye vita kwa kuuliza: "Wakati wa vita vya Hitla, hapa kwetu waliondoka kina nani?" Majina yakianza kutajwa, nyamaza uandike.

Bibi wanajua zaidi

Wanaume watakusimulia bunduki. Wanawake watakusimulia mwaka, na hicho ndicho unachokitaka. Aliyebaki nyumbani alikumbuka ni mtoto gani alikuwa tumboni, shamba lipi lililimwa bila mume, na nani alimsaidia kuvuna. Tena askari waliweza kukatwa sehemu ya mshahara ili ndugu zao walipwe bomani. Uliza: nani alikwenda boma kuchukua hela? Alikwenda na nani? Alitembea siku ngapi? Alipewa karatasi gani? Katika ukoo wangu aliyekwenda Dodoma ni mama yake babu, wala si mke wake, kwa kuwa babu alikuwa hajaoa. Hapo nikajua kwamba ndoa yake ni ya baada ya jeshi, jambo ambalo shangazi wawili walikuwa wakilibishania.

Rekodi kwa simu, lakini omba ruhusa kwanza, na useme jina lako, jina la anayesimulia na tarehe mwanzoni mwa kila rekodi. Ukifika nyumbani sikiliza siku hiyohiyo uandike. Usisahihishe maneno ya mzee. Akisema "Bama" alipomaanisha Burma, andika Bama. Akisema "Bukini" alipomaanisha Madagaska, iache. Ukirekebisha mapema unaweza kufuta dalili.

Jeshini au mkongeni?

Kabla hujaenda mbali, hakikisha babu alikuwa askari kweli. Familia nyingi husema "alichukuliwa wakati wa vita", basi. Lakini sheria ya kulazimisha ilipeleka watu jeshini na pia mashambani. Japani ilipoziteka Ufilipino, Malaya na visiwa vya Uholanzi vya Asia mwaka 1942, Uingereza na wenzake walipoteza mkonge na mpira wa kule, na Tanganyika ikatakiwa kuziba pengo. Maelfu ya vijana, Wagogo wakiwamo, walipelekwa kwa lazima kwenye mashamba. Nao walipanda magari ya serikali, nao waliandikwa namba, nao walirudi baada ya miezi.

Kuwatofautisha, uliza mambo madogo: alivaa nini, alikula nini, nani alimwamrisha na kwa lugha gani, alirudi na nini mkononi. Akisimulia kukata majani na kubeba matita, na nyapara, na Tanga au Morogoro, huyo alikuwa mkongeni. Akisimulia kuamshwa kwa tarumbeta, kupiga kwata na kusafisha bunduki, alikuwa kuruta. Kati ya hao wawili kuna kundi la tatu linalosahaulika, watu wa paionia: walivaa sare na walikuwa jeshini, lakini kazi yao kuu ilikuwa koleo na sururu, na wengi walifika Misri na Palestina. Mzee aliyefika Misri bila kupiga risasi hata moja si mwongo.

Kama jibu ni mkonge, endelea kuandika vilevile. Ni habari ya vita, na ni adimu kuliko ya bunduki.

Cheti na medali

Tafuta cheti cha kuachiwa jeshi. Mara nyingi kimekunjwa ndani ya Biblia, Kurani, mkebe wa majani ya chai au bahasha ya risiti za kodi. Usikipitishe kwenye plastiki ya moto wala usikibandike kwa gundi. Kiweke kwenye mwanga wa dirishani, pembeni mwa jua kali, ukipige picha mbele na nyuma, kisha ukiweke kati ya karatasi nyeupe safi ndani ya bahasha ngumu. Nakili kila kilichoandikwa, hata herufi zinazotangulia namba. Watu huandika tarakimu na kuacha herufi, kumbe kwenye nyaraka herufi hizo ni sehemu ya namba yenyewe.

Cha babu kina namba, jina lililokosewa herufi mbili, kabila, wilaya ya Dodoma, siku ya kuandikishwa, siku ya kuachiwa na neno moja la kusifu tabia. Siku hizo mbili ndizo nguzo. Kila simulizi utakayoipata iwekwe kati yake, au kabla, au baada.

Medali isome kwa umbo. Nyota ya shaba yenye ncha sita ni ya uwanja wa vita: ipo ya Afrika, ambayo waliopigana Uhabeshi na Somalia tangu Juni 1940 hadi Novemba 1941 waliistahili, na ipo ya Burma. Medali ya mviringo yenye kichwa cha Mfalme George wa Sita, na nyuma yake simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, ni ile ya vita kwa jumla. Hiyo ilitolewa hata kwa aliyetimiza siku 28 tu za utumishi kufikia 2 Septemba 1945. Babu anayo hiyo peke yake. Medali moja ya mviringo bila nyota, pamoja na tarehe za 1945, inaniambia alikuwa kuruta halali ambaye hakufika vitani, na ninamheshimu kwa hilo kamili bila kuongeza chumvi. Lakini angalia: medali zilipaswa kudaiwa, na wengi hawakudai. Kukosa nyota peke yake si ushahidi wa kutosha.

Usitafute jina pembeni mwa medali. Za Vita vya Kwanza zilichongwa jina na namba. Hizi za Vita vya Pili, Uingereza ilizitoa bila jina. Kwa hiyo medali inayouzwa sokoni haiwezi kukuambia ilikuwa ya nani.

Pima simulizi kwa barabara na tarehe

Baba yangu mdogo alikua akiamini kwamba babu alipigana Bama. Sikumbishia. Niliweka tarehe mezani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya keya kutoka Tanganyika kama cha 26 na cha 36, ilipigana kwenye bonde la Kabaw katika nusu ya pili ya 1944, ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin Desemba, kisha ikarudishwa India. Brigedi ya 28, yenye kikosi cha 46 cha Tanganyika, ilikuwa karibu na mto Irrawaddy mwanzoni mwa 1945. Kuruta aliyeandikishwa Dodoma Februari 1945, akafundishwa kwata na bunduki kwanza, asingewahi mapigano hayo. Baba mdogo aliangalia tarehe, akakumbuka mwenyewe kwamba aliyekuwa akisimulia Bama ni rafiki wa babu, waliyekuwa wakinywa naye pombe. Simulizi za watu wawili zilikuwa zimeingiliana. Basi tukampata askari mwingine wa kuandika.

Barabara nayo hupima vizuri. Shangazi husema babu alipanda treni Dodoma akashukia Moshi. Haikuwezekana, kwa sababu Reli ya Kati haikuunganishwa na ya Tanga hadi 1963. Aliyetoka Dodoma kwenda kaskazini wakati wa vita alipita barabara kuu ya Kondoa, Babati na Arusha kwa lori. Nilipomuuliza shangazi habari za Kondoa, akasema upesi: "Eeh, walilala Kondoa, wakapigwa baridi njiani." Kumbe lori lilikuwepo kichwani mwake, limefunikwa na safari ya treni ya miaka ya baadaye.

Jihadhari pia na majina yanayorudi. Colito ni mahali Ethiopia ambapo kikosi cha 6 cha keya, cha Tanganyika, kilipigana Mei 1941, na sajenti Nigel Leakey akapata Victoria Cross, nishani ya juu ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Lakini Colito lilikuwa pia jina la kambi ya Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, wakati wa maasi ya wanajeshi ya Januari 1964. Mzee akikutajia Colito, muulize kama kulikuwa na bahari karibu.

Picha ikiwepo, angalia bega na kofia kwa lenzi. Kichwa cha kifaru begani ni alama ya Divisheni ya 11.

Mahali pa kutafuta karatasi

Dar es Salaam, mtaa wa Vijibweni, Upanga, ndipo zilipo Nyaraka za Taifa. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho, na uulize kwanza vitabu vya wilaya: ndani yake maofisa waliandika habari za watemi, mipaka, koo na desturi. Huenda jina la babu lisiwemo, lakini jumbe aliyemtoa anaweza kuwemo, na mwaka alioshika madaraka. Kisha omba majalada ya jimbo lako ya miaka ya vita yanayohusu kuandikisha watu. Soma taratibu, mengi ni hesabu na malalamiko, na malalamiko ndiyo yenye uhai. Wakati huohuo uliza gazeti la *Mambo Leo*, lililotolewa na serikali kwa Kiswahili tangu 1923, usome toleo la mwezi alioandikishwa. Utajua alisikia nini kuhusu vita kabla ya kuondoka.

Daftari za kanisa zisikupite. Ugogo ina makanisa ya Anglikana yaliyoanzia kwa wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la misheni la Kianglikana la Uingereza), waliofika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na daftari la ubatizo au ndoa hukupa jina la baba, kijiji cha zamani na wasimamizi. Msimamizi wa ndoa ya babu alikuwa askari mwenzake. Hilo cheti hakikuniambia.

Uingereza, kwenye Nyaraka za Taifa zilizoko Kew, kuna shajara za vita za vikosi. Za Burma na nchi jirani ziko katika fungu la WO 172, na karatasi za makao makuu ya Afrika Mashariki ziko WO 276. Zinafaa ukishajua kikosi. Zinataja maofisa kwa majina na askari Waafrika kwa idadi, kwa hiyo zitumie kujua kikosi kilikuwa wapi siku fulani, usizitegemee kwa jina la babu.

Kama babu hakurudi, kazi ni nyingine. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure kwenye intaneti ya waliokufa wakiwa jeshini tangu 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Aliyekufa kwa homa hospitali ya kambi baada ya vita kwisha naye anahesabiwa. Tumia ile orodha yako ya tahajia, ujaribu jina la kwanza na jina la baba kila moja peke yake, maana huwezi kujua karani alilifanya lipi kuwa la ukoo. Aliyerudi nyumbani salama hayumo humo, usihangaike.

Kuandika

Andika kwa mpangilio wa maisha yake, na jeshi lipate ukubwa wake halisi. Babu aliishi zaidi ya miaka themanini. Jeshi limechukua kurasa mbili kati ya kumi na nne. Katika kila sentensi onyesha habari imetoka wapi, ndani ya sentensi yenyewe. Yangu inasomeka hivi: "Cheti kinasema aliandikishwa Februari 1945. Shangazi anasema walilala Kondoa. Nadhani walipita Namanga kuingia Kenya, kwa kuwa barabara ya Arusha ilielekea huko." Cheti kinasema, shangazi anasema, nadhani: msomaji anajua aegemee wapi, na mjukuu atakayepata karatasi mpya atajua arekebishe wapi.

Yale ya aibu yatakuja: mtoto aliyezaliwa karibu na kambi, ugonjwa ulioandikwa kwenye cheti, ugomvi wa ng'ombe za mahari zilizonunuliwa kwa hela za jeshi. Waulize walio hai wanaoguswa kabla hujaandika. Ukikatazwa, andika kwenye karatasi ya pembeni, uifunge, umwachie mtu mmoja mwenye busara.

Kabla ya kuchapa, msomee aliyekusimulia, kwa sauti, neno kwa neno, penye watu wawili watatu wa rika lake. Hapo ndipo mzee mmoja wa kwetu alinikatiza akataja majina ya vijana wengine wanne waliopanda lori lile. Acha kurasa tupu mwishoni kwa ajili hiyo. Chapa nakala za kutosha kila nyumba ya ukoo, hata nyumba ya wale kaka waliobaki, na moja uipeleke shule ya msingi ya kijiji, pamoja na namba ya simu ya ndugu anayetunza cheti.